Marehemu wa Bi Marike

Nyie wateja wangu mmezidi. Tangu nirudi sijamimina kikombe kimoja cha kahawa kwa amani. Huyu anauliza, "Mzee Sumaili, ni kweli ulizunguka visiwani na Mzungu anayetafuta mume aliyekufa?" Nikianza kumjibu, birika linafurika. Mwingine anafika katikati ya maneno, anachukua kipande alichokikuta, anakipeleka sokoni, na jioni kinanirudia kimeota mkia na masikio. Kwa hiyo nimekaa chini kuandika yote tangu mwanzo, kwa elimu yangu ya madrasa na ya ile eskola ya padre ambayo niliiacha kabla haijaniacha. Atakayeuliza tena nitampa asome. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe, tuliwasomesha kwa kazi gani?

Habari za tiketi, vibali na mihuri naziruka. Zote ni habari za kukaa kwenye kiti kibovu ukimngoja mtu aliyekwenda kula.

Pemba: nafungwa mdomo

Mnamjua binti yangu Zainabu. Tulipokimbilia Pemba, mji wa kusini mwetu hapahapa nchini, si kile kisiwa cha karafuu cha Tanzania, wakati mji wetu ulipochomwa, mimi nilirudi mambo yalipotulia, yeye akabaki kwa sababu alipata kazi na mume. Kazi ndiyo iliyotangulia, na hadi leo ndiyo inayomsumbua kidogo kuliko mume. Anafanya usafi kwenye nyumba ya wageni. Akanipigia simu.

"Baba, njoo. Kuna bibi wa Kiholanzi hapa anataka mtu anayeijua pwani na anayejua kuongea."

"Kuongea tu?"

"Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yako, kahawa ni kisingizio."

Nikaenda. Nikamkuta mama mrefu, nywele nyeupe kama pamba, miguuni viatu vya askari. Jina lake Marike. Kicheko chake huchelewa: mzaha unaingia, unazunguka huko ndani, watu wameshaanza habari nyingine, ndipo anacheka peke yake. Akaniambia yeye ni mwanahistoria. Si wa wafalme wala wa vita. Anaandika habari za watu wa zamani wa kwao, wale walioanza kuviangalia vitu kwa karibu na kuvipima: nyota, damu, wadudu, hata hewa.

"Hewa waliipima?"

"Waliipima."

"Kwa kilo?"

Akafikiri. "Kwa namna fulani, ndiyo."

Nikaona kazi yake na yangu ni ndugu. Wote tunasimulia habari za watu wasioweza kurudi kutukanusha. Tofauti ni kwamba yeye akikosea wenzake humwandikia kitabu kizima cha kumpinga, mimi nikikosea mnaongeza sukari.

Sasa shikeni hapa, maana safari yote imesimama hapa. Katika watu wake hao wa zamani kuna mmoja, daktari wa melini, aliyepita pwani yetu miaka zaidi ya mia tatu nyuma. Akaandika aliyoyaona. Akasema huku watu humvua kasa kwa kutumia samaki. Samaki mwenyewe ni yule chazo, wengine wanamwita taza, mwenye sahani utosini ya kujibandikia. Hufungwa kamba mkiani, hushushwa majini, akimwona kasa anakwenda kujibandika kwenye gamba, nao watu wanavuta kamba, anakuja chazo, anakuja na kasa. Yule daktari aliporudi kwao, wasomi wenzake wakamcheka. Wakasema hajaona kitu, habari hiyo ameiiba kwa mabaharia waliokwenda bahari nyingine. Akafa anaitwa mwongo, na anaitwa hivyo mpaka leo.

Bi Marike amekaa naye katika maandishi tangu msichana. Sasa ni mtu mzima kama mimi na anaandika kitabu chake cha mwisho. Akaniambia, kwa Kireno, ndiyo lugha tuliyokutana nayo, kila mtu akiivunja upande wake: "Kama alisema kweli, nitaandika alisema kweli. Kama aliiba, nitaandika aliiba. Lakini, Bwana Sumaili, hayo ya pili nitayaandika nikilia."

Nikamwambia basi rahisi, tuulize tu kama chazo huvua kasa. Akatikisa kichwa. Hilo halitoshi, kwa sababu hata mwizi wa habari angeweza kulijua. Kuna jambo moja tu ambalo halimo kwa mwingine yeyote, liko kwake peke yake, na ndilo wasomi walilolicheka mpaka wakashika mbavu. Daktari aliandika kwamba yule samaki, kabla ya kuachiwa, hutukanwa. Na hatukanwi na mwenyewe. Hutukanwa na shemeji wa mwenyewe.

"Ulikuwa unalijua hilo?" akaniuliza.

Sikulijua. Mimi mtu wa mjini, wa tangawizi na iliki. Chazo nilimsikia kwa bibi yangu tu, naye bibi alikuwa akisinzia.

"Vizuri sana," akasema. "Basi usimtajie mtu. Nikimpata mtu anayelisema bila kuulizwa, marehemu wangu ameokoka. Likitoka mdomoni mwako kwanza, limeharibika."

Jamani, mimi! Mimi ambaye nikinyamaza kidogo watu hunishika paji la uso kutazama kama nina homa. Nikaapa. Na kuanzia hapo yule daktari nikamwita Marehemu, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa linaanzia kooni na mimi koo langu limezoea kahawa.

Pemba hadi Mocímboa, juu ya magodoro

Tulipanda pikapu ya mfanyabiashara mmoja ambaye wote tunamwita Mtwara kwa sababu ndiko alikotoka babu yake. Alipakia magodoro mpaka angani. Mbele akaketi mkewe mjamzito, sisi tukapewa magodoro. Bi Marike akajilaza juu kule kama malkia, akasema hajawahi kusafiri vizuri hivi tangu azaliwe. Njia nzuri haikuwepo, lakini kila shimo lilipotupokea, tulirushwa tukarudi laini.

Mnajua utaratibu wa njia ile: magari husubiriana yatimie, askari wanatangulia. Tukasubiri. Mtwara akanunua maandazi, akayamaliza, akanunua mengine. Bi Marike akatoa mfukoni pipi za kwao. Pipi nyeusi. Nikatia moja mdomoni nikangoja utamu. Wenzangu, ina chumvi! Chumvi na kitu kingine kama mizizi ya mti uliokasirika. Nikamtazama nione kama amenikomoa, kumbe yeye anamumunya macho yamemlegea kwa raha.

Ndipo akaja askari kijana, kidevu juu, anataka kujua juu ya magodoro kuna nini. Bi Marike akasimama. Sasa sikuwaambieni: Kireno chake hakujifunza kwa Mreno aliye hai. Alijifunza kwenye maandishi ya wafu. Akamwinamia yule kijana akamwambia, kwa maneno ambayo sijayasikia hata kanisani, kwamba Mwenyezi Mungu amlinde mheshimiwa nahodha na ayape ushindi majeshi ya mfalme. Yule kijana akageuka nyuma kutazama nahodha ni nani. Kisha akamwita mwenzake: "Njoo usikie, bibi huyu anaongea kama sanamu la kwenye bustani!"

Wakamwomba arudie. Akarudia. Akaitwa wa tatu. Msafara ulikuwa tayari kuondoka, lakini mkubwa wao alikuwa anaoga na wakasema lazima naye asikie. Tulicheleweshwa si kwa kosa lolote, tulicheleweshwa kwa utamu. Alipokuja, maji bado yanamchuruzika shingoni, Bi Marike akambariki yeye na farasi wake. Farasi hakuwa nao, lakini alishukuru kwa niaba yao.

Akawagawia pipi. Mmoja akaitema kwenye kofia. Mwingine akaniuliza kwa heshima, "Babu, hii ni dawa ya nini?" Nikamuuliza mwenye pipi. Akasema, "Ya furaha." Mimi nikatafsiri, "Ya tumbo," kwa sababu kitu chenye ladha ile hakuna ambaye angeamini kinaleta furaha. Kosa langu dogo hilo likatutangulia njia nzima. Kila tulipopita kulikuwa na mtu ameshika tumbo ananyosha mkono.

Mtwara, kwa sababu njia ni ndefu, akaniuliza, "Mzee, huyu mama hasa anatafuta nini?" Maneno yakanipanda mpaka kwenye meno. Nikajitia pipi mbili mdomoni kwa pamoja. Nikalia machozi, lakini sikusema.

Macaloe: beseni

Hapa mjini kwetu Mocímboa mlimwona wenyewe. Mlimwona akizunguka soko la samaki akiuliza kwa adabu kama kuna anayejua kuvua kasa. Na nyie mkajibuje? Mmoja wenu, simtaji ila ana kofia ya kijani, akasema kasa walihama na vita. Mwingine akasema kasa ni mnyama wa Tanzania. Wa tatu akasema alimwona kasa mara moja, kwenye televisheni, na hata hapo umeme ukakatika. Bi Marike akarudi kwangu uso umemshuka. "Bwana Sumaili, inawezekana kweli Marehemu alitunga."

Tukaenda kisiwa cha Macaloe na boti ya Momade, yule kijana wa kwa marehemu Anlaue. Injini ilizimika katikati ya bahari. Momade akafungua, akakuta mpira wa mafuta umechanika, akaukaza kwa kipande cha kandambili yake. Ikawaka. Safari nzima akatembea na kandambili moja na nusu.

Kambi ya wavuvi ikatupokea vizuri. Mama wa pale, Bi Anjuma, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo, akatupikia wali wa nazi na pweza, pweza laini mpaka unamwonea huruma. Tulipokwisha kula Bi Marike akaniashiria. Nikauliza habari za kasa.

"Kasa?" Bi Anjuma akakunja uso. "Yukoje huyo?"

"Ana gamba mgongoni."

"Kaa."

"Mkubwa kuliko kaa."

"Kaa mkubwa."

Wakati huo, wenzangu, mihogo aliyokuwa anaimenya ilikuwa inaangukia ndani ya gamba la kasa lililopinduliwa, pana kama meza. Bi Marike akalitazama gamba. Akamtazama Bi Anjuma. Akaniambia niulize kile ni nini.

"Beseni," akasema Bi Anjuma.

"Limetengenezwa wapi?"

"Tanzania."

"Mwambie ni beseni zuri sana," akasema Bi Marike, na sekunde kadhaa baadaye, peke yake, akaanza kucheka.

Momade akanivuta pembeni. "Babu, na wewe mtu mzima huelewi? Wamemwona Mzungu anauliza habari za kasa. Nyuma ya Mzungu wa kasa yuko fiskali wa serikali anayewalinda, na nyuma ya fiskali iko faini. Hapa hata mtoto mchanga atakwambia hajui kasa."

Ndipo nikaelewa. Kile alichokihitaji mama wa watu kilikuwa kinajulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyohiyo hakuna ambaye angemwambia. Na mimi siruhusiwi kutaja la shemeji. Nikarudi nikasema jambo lililo kweli: jamani, huyu hakuja kwa ajili ya kasa. Amekuja kwa ajili ya Marehemu.

Loo! Sura zikabadilika palepale. Bi Anjuma akatupa kisu, akajifuta mikono, akaja kumshika Bi Marike. "Pole, dada! Pole sana! Kwa nini hamkusema tangu mwanzo, mnatuulizauliza mambo ya kaa?" Wakakusanyika wanawake, wakatandika mkeka, wakamkalisha katikati. Bi Marike akaniuliza kuna nini. Nikamwambia wanampa pole kwa Marehemu. Akaguswa. Akasema kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumpa pole.

"Alikufa lini?" wakauliza.

"Zamani," nikasema.

"Zamani ipi?"

Nikatafsiri kwake, akajibu kweli, nami nikawapa kweli: zaidi ya miaka mia tatu. Bi Anjuma akamtazama kwa huruma isiyo na mwisho. "Na bado hujatoka eda? Dada yangu, miezi minne na siku kumi inatosha. Nani alikufundisha?"

"Anasema aliishi naye tangu msichana," nikatafsiri. "Anasema Marehemu hakumjua, lakini yeye anamjua kuliko mtu yeyote."

"Ndivyo waume walivyo," wakasema wanawake wote kwa pamoja.

Mnaniuliza kwa nini sikuwasahihisha. Mdomo wangu ulikuwa na kufuli moja tayari, na kazi mbili kwa wakati mmoja sikuziweza. Tulipoondoka walikuwa wamekwisha kuwapigia simu ndugu zao wa kisiwa cha Vamizi: pokeeni mjane anakuja, msimsumbue, amechanganyikiwa kidogo na majonzi.

Vamizi: chazo

Vamizi kasa wanalindwa. Usiku wanapanda kutaga, na kuna fiskali anayelinda mayai yao kuliko mimi ninavyolinda birika. Jina lake Zakaria, Mmakonde wa Mueda, kijana mpole mwenye buti kubwa, ambaye watu wote wa kijijini wanampenda na hakuna anayemwambia kitu.

Kijijini kila mtu alituelekeza kwa mzee mmoja, Mzee Nchawa. Walisema kama kuna habari yoyote ya bahari asiyoijua huyo, bahari yenyewe haiijui. Tukamkuta ameketi mlangoni, kofia imechomekwa ndoana tatu, anashona wavu.

"Mzee, tumeambiwa wewe ni mvuvi mkubwa."

"Mimi mkulima," akasema, akiendelea kushona.

"Unalima nini kwenye mchanga huu?"

Akafikiri kidogo. "Nalima polepole."

Nilijaribu kwa kahawa. Nilijaribu kwa tangawizi. Nilijaribu kwa habari za ujana, nikamsimulia jinsi nilivyomwoa marehemu mama Zainabu, habari ndefu ambayo mnaijua na mmeikataza. Akanisikiliza, akacheka, akanisimulia alivyooa mara nne, lakini kila nilipokaribia bahari alinirudisha shambani. Na Zakaria alikuwa anapita pale kila mara kusalimia. Bi Marike akamgawia Mzee Nchawa pipi nyeusi. Mzee akaimumunya, akafumba macho, akaomba nyingine. Huyo ndiye mtu wa kwanza nchini niliyemwona akiipenda. Nilipaswa kujua hapo kwamba Mungu ana mpango naye.

Siku tuliyoazimia kuondoka, Bi Marike akaniambia, "Imekwisha, Bwana Sumaili. Umeufunga mdomo wako vizuri, nakushukuru. Nitaandika aliiba." Hakulia. Alisema kama mtu anayefunga duka. Mimi ndiye niliyegeuka kutazama minazi.

Tukashuka ufukweni. Kijiji chote kikaja kumsindikiza mjane. Mzee Nchawa naye akaja na wavu wake, na Zakaria akaja na buti zake, boti yake ya serikali ikielea karibu na yetu. Momade akainama kuitazama boti yetu chini, akaguta, "Tumebeba abiria!" Chazo mkubwa alikuwa amejibandika chini ya boti, labda tangu Macaloe. Momade akamsukuma mbele, ndivyo wanavyobanduka, akamtoa, akamfunga kamba mkiani asikimbie, akampa Bi Marike amwone.

Bi Marike akampokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga wa kunyolewa nywele. Miaka yote ameandika habari za samaki huyu na hakuwahi kumgusa. Akampapasa ile sahani ya kichwani. Akaanza kusema naye, kile Kireno chake cha wafalme, taratibu, anamwita bwana mtukufu, anamwomba radhi, anamuaga. Kisha akaingia majini mpaka magotini, akamshusha polepole, kamba mkononi, huku bado anamnong'oneza mambo mazuri. Nadhani alikuwa hamuagi samaki. Alikuwa anamuaga Marehemu.

Mimi nilikuwa namtazama Mzee Nchawa. Alianza kwa kuguna. Akaangusha sindano ya wavu. Akakuna shingo, akakuna goti. Bi Marike akampapasa samaki tena. Mzee akasimama, akakaa, akasimama.

"Mama, mwache!" akasema. "Usimfanyie hivyo!"

Bi Marike hakuelewa, akaendelea kubembeleza. Mzee Nchawa akatupa wavu.

"Unambembeleza! Samaki gani anabembelezwa? Atarudi kujibandika kwenye boti, ataona raha, kazi hafanyi! Lete hapa!" Akaingia majini na suruali yake, akaishika kamba, akamwinua yule chazo usawa wa macho, akavuta pumzi.

"We mdandiaji usiye na haya! Kichwa kama soli ya kandambili! Tangu uzaliwe umelipa nauli wapi? Mama yako alimng'ang'ania papa mpaka papa akahama bahari! Baba yako alikwenda harusini akajibandika kwa bibi harusi! Unakula makombo ya wenzio na bado unanenepa shavu! Toka mbele yangu! Nenda, na ukirudi mtupu usilale kwangu, kalale kwa mama yako kama atakufungulia!"

Akamtupa majini, puu. Yule chazo akaondoka kama mshale.

Ufukwe mzima ukamgeukia Zakaria. Hata kuku. Mzee Nchawa akabaki na kamba mkononi, maji yakimfika kiunoni, na polepole akageuza shingo kumtazama Zakaria.

"Mzee," akasema Zakaria, "umeyajulia wapi hayo?"

"Nimeota."

Bi Marike alikuwa amenishika mkono mpaka ukauma. "Muulize," akasema. "Muulize jambo moja tu. Aliyemkamata samaki ni Momade. Kwa nini ametukana yeye?"

Nikauliza. Roho yangu ilikuwa imesimama mlangoni, wallahi.

Mzee Nchawa akamtazama Zakaria tena. Akaona yaliyomwagika yamemwagika. "Momade amempa mama huyu samaki, sasa ni wake. Mwenye samaki hamtukani samaki wake, samaki atanuna, si anamlisha? Anatukana shemeji. Hata mtoto analijua hilo."

"Na wewe ni shemeji wa nani?"

"Wa huyu. Marehemu mumewe hana ndugu mwingine huku. Mgeni akifiwa kisiwani kwetu, ndugu wa maiti si ndio sisi?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno, sikuongeza hata chumvi ya pipi. Bi Marike akanikazia macho. "Ulimwambia?"

"Haki ya Mungu sikumwambia!"

"Hakumwambia mtu kitu," akadakia Momade. "Babu amekaa kimya safari nzima, mimi nilidhani anaumwa."

Bi Marike akakaa chini palepale, majini, na viatu vyake vya askari. Akalia, kisha kile kicheko chake cha kuchelewa kikafika katikati ya kilio, vikaenda pamoja. "Alisema kweli," alikuwa anasema. "Shemeji. Alisema kweli."

Wanawake wa Vamizi hawakungoja tafsiri. Walichokiona ni mjane aliyelia mpaka akacheka, na wao wanajua maana yake: ametoka eda. Wakamwinua, wakampeleka ndani na vigelegele. Wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakamfunga kanga mpya ya kapulana, wakampaka usoni msiro wa mti uliosagwa. Ila msiro ni mweupe na yeye ni mweupe, ikabidi wamuulize kama wamemaliza au bado.

Kuhusu Zakaria, alikaa juu ya jiwe muda mrefu akifikiri. Kisha akatoa hukumu. "Kasa hapa sijamwona. Nimemwona samaki anatukanwa. Kutukana samaki hakumo kwenye sheria niliyosomeshwa." Akashuka kwenye jiwe. "Mzee Nchawa, ile ya bibi harusi, hebu irudie polepole."

Lakini kamba ilikuwa bado mkononi mwa mzee, na kamba ikaanza kukaza. Tukaifuata kwa macho. Yule chazo, pamoja na matusi yote yale, alikuwa amekwenda kujibandika kwenye boti ya serikali. Watu wakavuta mpaka boti ikaja ufukweni yenyewe.

"Nilimkatizia matusi njiani," akasema Mzee Nchawa, amefedheheka. "Nilikuwa sijafika kwa bibi yake."

Kurudi, na benchi langu

Kurudi hakukuwa na mengi. Injini ilizimika, Momade akamaliza kandambili ya pili. Macaloe tulipita kumsalimia Bi Anjuma, akafurahi kuona mjane amechangamka, akampa zawadi. Beseni. Bi Marike akashukuru sana, na akalikataa kwa adabu kwa sababu uwanja wa ndege wasingeamini kwamba limetengenezwa Tanzania.

Juzi Zainabu alinipigia simu. Bi Marike amemaliza kitabu. Alisimama mbele ya wasomi wenzake, wale wa leo, akawaeleza habari ya shemeji. Mmoja akataka kusikia matusi yenyewe yanasemwaje. Akayasema yote, kwa Kiswahili, alikuwa ameyahifadhi wakati wa kurudi Pemba juu ya magodoro ya Mtwara. Wakamwomba atafsiri. Akasema yeye si shemeji yao, hawezi.

Basi. Mdomo wangu umefunguliwa na mmekwisha kuyajua yote, kahawa yangu iacheni ichemke kwa adabu. Jana tu alikuja mgeni nisiyemjua, viatu vinang'aa, akakaa benchini, akanywa vikombe viwili, akasema amesikia nina hadithi nzuri ya watu wa visiwani wanaovua kasa kwa samaki.

Nikampangusia kikombe, nikamtazama usoni.

"Kasa?" nikamuuliza. "Yukoje huyo?"